Usipambe dari, kagua waya kwanza!

Ukiteremka Barabara ya Bagamoyo jioni, ukishaipita Tegeta na kuiacha Bunju nyuma, utaona mambo. Mapinga, Kerege, Zinga mpaka Kiromo, nyumba zinaota kama uyoga. Na siku hizi kijana akihamia kwake, kitu cha kwanza anachowaonyesha washikaji ni dari. Dari la jipsamu lenye ngazi tatu, vitaa vya kuzamisha ishirini na nne, na ule mkanda wa taa unaobadilika rangi. Nyekundu, buluu, zambarau, utadhani umeingia disko. Bomba, sina ubishi!

Sasa muulize swali moja tu: "Waya wa ethi umeishia wapi?" Atakodoa macho. Ataangalia juu, ataangalia chini, kisha atakwambia, "Fundi anajua." Fundi mwenyewe alilipwa zamani, simu hapokei, na alichokifanya kimefunikwa na plasta pamoja na rangi makoti mawili.

Kasheshe inaanzia hapo. Kigae kikikatika unakiona. Bati likivuja unaona ndoo. Waya mbovu ndani ya ukuta hauonekani mpaka siku unaponuka moshi, au siku mtoto ametoka kuoga, miguu imelowa, akashika mlango wa friji. Kwa hiyo leo tuweke ushamba pembeni tuzungumze umeme na taa za nyumbani. Si lazima uwe injinia. Ni lazima ujue cha kumuuliza fundi.

ANZA NA KALAMU, SI TINDO

Watu wa pwani hii wanajua umeme tangu zamani. Ng'ambo ya bahari, ukitazama kutoka Bagamoyo, Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba lililokamilika mwaka 1883 na ambalo linatajwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwekwa taa za umeme. Wenyewe wakaliita jumba la maajabu. Leo umeme si ajabu tena. Ajabu ni mtu kujenga vyumba vitatu, sebule, jiko na stoo bila hata karatasi moja inayoonyesha swichi itakaa wapi.

Sote tunajua ujenzi wetu ni wa kudunduliza. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka mwingine bati. Sasa shika hili: mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya na vile viboksi vya swichi huwekwa kabla ya plasta. Ukisahau, utapiga plasta leo na kesho utamwita fundi aibomoe kwa tindo. Unalipa mara mbili kwa ukuta mmoja. Kama unamwaga zege la ghorofa, ndiyo kabisa, bomba lisipowekwa kabla ya zege basi tena.

Chukua ramani ya nyumba yako. Kama huna, chora kwa mkono. Tia alama mlango unafungukia upande gani, kitanda kitakaa wapi, televisheni wapi, friji wapi, pampu ya kisima wapi. Halafu weka mambo haya:

Swichi ya taa ikae upande wa kitasa cha mlango, kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Kuna nyumba ukiingia chumbani unafunga mlango kwanza ndipo uipapase swichi nyuma yake gizani. Huo ni ufundi wa wapi?

Chumbani na kwenye ngazi weka swichi mbili kwa taa moja. Unawasha ukiingia, unazima ukiwa kitandani. Akina dada wanaelewa raha yake.

Soketi ziwe nyingi kuliko unavyodhani. Sebuleni sita si nyingi. Upungufu wa soketi ndio unaozaa ekstensheni, na habari ya ekstensheni tutaifikia.

Bafuni hakuna soketi. Narudia, hakuna. Swichi ya taa ya bafuni ikae nje ya mlango au iwe ile ya kuvuta kamba.

USITEGEMEE WAYA MMOJA

Hapa nataka ukumbuke kisa cha majirani zetu wa Unguja. Tangu 1980 kisiwa kilikuwa kinapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, hapa hapa pwani ya kaskazini ya Dar, mpaka Fumba. Desemba 2009 ikatokea hitilafu, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Hoteli zikaunguruma kwa jenereta, na maji ya bomba yakawa taabu kwa sababu pampu zinataka umeme. Mwaka 2013 waya wa pili wenye uwezo mkubwa zaidi ukawa tayari.

Somo lake kwa nyumba yako ni dogo lakini zito. Usitegemeze kila kitu kwenye njia moja. Umeme ukishatoka kwenye mita huingia kwenye boksi la sakiti breka, na pale hugawanywa. Taa njia yao, soketi njia yao, jiko la umeme njia yake peke yake, hita ya maji yake, kiyoyozi chake, pampu yake. Pasi ikileta balaa saa mbili usiku, soketi zinakatika lakini taa zinabaki, unaona pa kukimbilia.

Kila njia ina unene wake wa waya. Mafundi wengi hutumia milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na 6 kwa jiko kubwa la umeme. Hesabu nyuma yake ni ya darasa la sita. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Chukua wati za kifaa, gawa kwa 230, unapata ampea. Hita ya maji ya wati 3,000 inakula ampea 13. Birika la wati 2,000 linakula karibu 9. Pasi ya wati 1,200 zaidi kidogo ya 5. Ukiviwasha vyote kwenye njia moja umefika ampea 27, na waya wa 2.5 ndani ya ukuta wenye joto la pwani yetu unaanza kulalamika.

Watu wengi hudhani sakiti breka iko pale kulinda televisheni. Hapana, bwana. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Breka ya taa iwe ampea 6 au 10, ya soketi za waya wa 2.5 iwe 20, ya jiko lenye waya wa 6 iwe 32. Sasa utamsikia fundi anakwambia, "Hii breka inakatika-katika inasumbua, ngoja nikuwekee ya 32 tumalize." Mkatalie! Breka inayokatika inakwambia kitu, kama homa inavyokwambia una malaria. Ukiweka ya 32 kwenye waya wa taa, waya utaiva ndani ya ukuta na breka itakuwa imetulia tuli, haina habari.

WAYA WA ETHI, MLINZI ASIYEONEKANA

Kwenye kila soketi kuna nyaya tatu. Mmoja unaleta umeme, zamani mwekundu, siku hizi wa kahawia. Mwingine unaurudisha, zamani mweusi, sasa wa buluu. Wa tatu ni wa kijani, au kijani chenye mistari ya njano. Huo ndio ethi. Siku zote haufanyi kazi yoyote, ndiyo maana fundi tapeli huuruka. Anaokoa mshiko wa waya, wewe unapoteza mtu.

Kazi yake ni hii. Ndani ya friji waya ukichubuka ukagusa bati, friji zima linakuwa na umeme. Ethi ikiwepo, umeme unapita humo kwenda kwenye ile fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini nje ya nyumba. Ethi isipokuwepo, friji linasubiri mkono wa mtu. Wewe ndiye utakuwa ethi.

Sasa sikiliza hii, maana ni ya pwani hasa. Ardhi yetu kuanzia Mbweni mpaka Kaole sehemu nyingi ni mchanga. Mchanga mkavu haupokei umeme vizuri. Tuseme fimbo yako imechomekwa kwenye mchanga wenye ukinzani wa omu 50. Gawa volti 230 kwa 50, unapata ampea 4.6. Breka yako ni ya ampea 20. Unaona? Friji lina umeme, ethi ipo, breka inasinzia! Masika ardhi ikiwa mbichi mambo yanakuwa nafuu, kiangazi kikiingia hatari inarudi.

Dawa ni mbili, na zote zinatakiwa. Ya kwanza, fimbo iende chini mpaka kwenye udongo wenye unyevu, na kama haitoshi ziongezwe mbili au tatu zilizounganishwa, kisha zipimwe kwa kifaa, si kwa macho. Ya pili, kwenye boksi la breka iwekwe swichi maalumu inayokata umeme unapovuja. Mwambie fundi unataka ya miliampea 30. Hii inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika hapo inakata kufumba na kufumbua, kabla moyo haujasimama. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata, haifai.

Bei yake haifiki ya lile dari la jipsamu. Haifiki hata nusu. Kama pesa hazitoshi vyote, nunua hii kwanza, dari litasubiri.

TAA: SI WINGI, NI MPANGO

Haya, tuingie kwenye raha sasa. Watu wananunua taa kwa wati. Wati ni ulaji tu, hazikwambii mwanga. Mwanga wenyewe huhesabiwa kwa lumeni, na imeandikwa kwenye boksi. Globu ya kizamani ya wati 60 inatoa kama lumeni 700. Taa ya LED ya wati 9 inatoa karibu 800. Mwanga zaidi, ulaji mdogo mara sita na zaidi.

Hapa kwetu jua halina mapozi, mwaka mzima giza linaingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Tuseme unawasha taa saa tano kila usiku. Globu kumi za wati 60 kwa mwezi zinakula uniti 90. LED kumi za wati 9 zinakula uniti 13.5. Katika mpangilio wa bei wa mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292, kodi mbali. Kwa hiyo kwa globu peke yake, hujawasha hata redio, ungekuwa umeshavuka uniti 75. Kwa bei hiyo ya 292, tofauti ya uniti 76.5 ni zaidi ya shilingi 22,000 kwa mwezi. LUKU ikikwisha katikati ya tamthilia, usiisingizie mita.

Je, sebule inataka taa ngapi? Chukua ukubwa wa chumba. Mita 4 kwa 4 ni mita za mraba 16. Kwa mazungumzo na televisheni, lumeni 100 kwa kila mita ya mraba zinatosha, jumla 1,600. Lakini karibu nusu ya mwanga humezwa na kuta, dari na vumbi, kwa hiyo zidisha mara mbili, 3,200. Gawa kwa 800. Jibu ni taa nne. Nne, si ishirini na nne! Ukuta mweupe utakupunguzia, ukuta wa rangi ya chokoleti utakuongezea.

Pa kusomea na juu ya meza ya kukatia mboga panataka mwanga mara tatu mpaka tano ya huo. Lakini usiangaze chumba kizima kwa ajili ya kitunguu kimoja. Weka taa moja chini ya kabati, juu ya mikono ya mpishi. Taa ikiwa katikati ya dari, mpishi akisimama mbele ya meza anajitia kivuli mwenyewe. Ndivyo vidole vinavyokatwa.

Halafu rangi. Kwenye boksi kuna namba yenye herufi K. 2,700 mpaka 3,000 ni mwanga wa njano, mtulivu, kama wa kandili, huo ni wa chumbani na sebuleni. 4,000 ni wa jikoni na mezani. 6,500 ni mweupe unaoelekea buluu, wa dukani na gereji. Umemkaribisha mchumba chakula cha usiku chini ya taa ya 6,500, sura zote mbili zimekuwa kama za wodini, halafu unalalamika mapenzi yamepoa?

Na taa nzuri kuliko zote ni ya bure. Dirisha kubwa upande wa kaskazini na kusini linakupa mwanga bila jua la jioni kukuchoma usoni, na linapokea upepo wa kaskazi na kusi kwa zamu. Nyumba inayowasha taa saa nne asubuhi imekosewa tangu kwenye ramani.

CHUMVI NA MAKUTI

Ukijenga karibu na bahari, chumvi ni mpangaji asiyelipa kodi. Inakula skrubu, inakula boksi la chuma, inaingia kwenye soketi ya nje na kuifanya ya kijani. Nje tumia boksi la plastiki, skrubu zisizoshika kutu, na taa zilizoandikwa IP65, maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa haziyaogopi. Taa ya ndani ukiifunga barazani itakufa kabla ya masika mawili.

Kwa wenye mabanda ya makuti, baa na nyumba za wageni za ufukweni, waya usilazwe juu ya makuti wala kufungwa kwa kamba kwenye boriti ukiwa wazi. Upite ndani ya bomba, taa zikae mbali na makuti, na umeme wa banda uwe na njia na breka yake. Makuti makavu hayasubiri zimamoto.

Na kama umebahatika kupanga au kurithi nyumba ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, zile kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa usizishambulie kwa tindo. Chokaa ikitikiswa inamomonyoka kipande kizima. Pitisha nyaya juu ya ukuta kwenye mifereji ya plastiki, fuata kona na boriti, paka rangi ya ukuta, haionekani. Mlango wa nakshi usiutoboe kwa ajili ya kengele! Kabla ya kugusa chochote, waulize watu wa Mambo ya Kale.

WEWE MPANGAJI NAWE

Najua wengi mnapanga, Boko, Tegeta, Bunju, chumba na sebule. Ukuta si wako, lakini maisha ni yako. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, fungua boksi la breka. Je, ni breka moja kwa nyumba nzima? Bonyeza kitufe cha kujaribia kama kipo. Gusa soketi baada ya kupiga pasi, ikiwa ya moto kuna shida. Harufu kama ya samaki aliyeoza bila samaki? Mara nyingi ni plastiki inaiva.

Ekstensheni juu ya ekstensheni, yenye friji, mikrowevu na pasi, si mpango. Ekstensheni moja ni ya simu, redio na televisheni. Friji lichomekwe ukutani.

FUNDI NI NANI?

Fundi wa umeme si yeyote mwenye tesita mfukoni. Kwa sheria zetu, anayefunga umeme majumbani anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe. Hakasiriki mwenye nayo. Yeye ndiye anayetakiwa kusimamia kazi na kuitilia sahihi. Ile tabia ya kufungiwa na mmoja na kununua sahihi ya mwingine ambaye hajaiona nyumba, ndiyo inayotuzika.

Kabla hujammalizia malipo, mambo matatu. Akuandikie kila breka ni ya nini. Apime ethi ukiwepo na akutajie namba. Akupe mchoro wa nyaya zinakopita, ili siku ukitundika picha ya harusi usipigilie msumari kwenye umeme. Piga na picha za kuta kabla ya plasta, simu unayo.

Haya, mimi kwa leo naishia hapo. Wiki hii fanya moja tu, nenda kwenye boksi la breka ukalifungue mlango, uangalie. Kama hamna ile swichi ya kukata umeme unaovuja, ule mkanda wa disko dukani uache kwanza. Usije ukasema sikukwambia. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.